Goti la Salamu

Bweni la Pili,
Shuleni, Iringa.
4 Februari 2024

Mpendwa Mjomba Ezron,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya asubuhi inayonipasua midomo. Natumaini wewe ni mzima, na kifua cha Bibi kimetulia. Mwambie kila siku navaa ile sweta ya kijani aliyonifumia, hata wenzangu wananiita Parachichi. Mama aliniandikia kwamba ng'ombe wetu amezaa dume. Nimefurahi, ingawa najua yeye alikuwa anaombea jike.

Masomo yanaenda vizuri. Kidato cha tatu kina mambo mengi, lakini kwenye hisabati nimepata sabini na nane. Matron wetu, Mama Bertha, anakusalimu. Yeye ndiye anayesoma barua zetu kabla hatujazifunga bahasha, na zinazoingia pia, na amesema mwandiko wangu umetulia.

Mjomba, bado nafanya mazoezi ya karate uliyonifundisha. Kila Jumapili baada ya ibada nakwenda nyuma ya bweni, kwenye kamba za kuanikia nguo, narudia kata ya kwanza na ya pili, ile mifuatano ya hatua na mapigo. Jumapili iliyopita rafiki yangu Matilda alikuja kutazama. Matilda ni wa Kalenga, kwao wanalima nyanya, na hana neno la kubakiza tumboni.

"Hiyo ndiyo karate?" akauliza. "Umesimama kama mtu anayesukuma gari lililokwama."

Nilikuwa kwenye zenkutsu, ule mkao mrefu wa mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Nikamwambia, "Nisukume uone."

Alinisukuma kifuani kwa mikono miwili na sikutikisika. Nikajisikia vizuri sana. Halafu akazunguka ubavuni, akanigusa bega kwa kidole. Mjomba, kwa kidole! Nikakaa kwenye matope na sketi ya ibada.

"Nyinyi Wanyakyusa mmelishwa ndizi na maziwa," akasema, "mnadhani adui atakuja kwa mbele na kupiga hodi."

Nikamjibu kwamba Wahehe wanasimulia vita vya mababu zao kwa sababu wao wenyewe wanakimbia panya wa bweni. Ni kweli, Matilda anawakimbia. Lakini nilipokuwa nafua ile sketi niliendelea kufikiri. Ndiyo maana naandika. Je, mikao hii inasaidia mtu anaposhambuliwa kweli, au ni ya mitihani ya mikanda tu? Naomba unijibu kama mwalimu.

Habari nyingine si nzuri sana. Nilipewa adhabu ya kufyeka nyasi siku tatu kwa sababu nilimwaga unga wa shule Jumamosi ya tarehe 27 Januari, tulipokuwa na zamu ya kwenda kusaga mahindi kijijini. Ulikuwa uzembe wangu. Tafadhali usimwambie Mama.

Mpwa wako,
Sekela


Isyesye, Mbeya.
24 Februari 2024

Kwa mpwa wangu Sekela,

Marahaba. Barua yako ilifika siku mvua iliposomba daraja letu la mbao, hivyo niliisomea upande wa pili wa mto nikisubiri maji yapungue. Bibi anakohoa kidogo, lakini anagomba kama kawaida, na tunachukua hiyo kuwa dalili ya afya. Dume la ng'ombe limepewa jina la Mzungu kwa sababu ya doa jeupe. Mama yako ameacha kulinunia.

Sabini na nane ni nzuri. Themanini haiko mbali.

Kuhusu karate. Nakumbuka kisigino chako cha nyuma kilikuwa na tabia ya kunyanyuka. Kibandike chini. Goti la mbele lisipite vidole vya mguu. Mgongo wima, mabega yalegee. Rudia kata mara kumi polepole kabla ya kuifanya mara moja kwa kasi. Mengine utayaelewa ukikua.

Matilda usipigane naye. Mgawie maandazi.

Ukumbi wa kanisa ambako tulikuwa tunafanyia mazoezi siku hizi wanatunzia viti vya harusi. Nimepita juzi, ufunguo bado ninao, lakini sikuingia. Goti langu la kushoto linaitambua mvua kabla ya redio. Ndiyo mambo ya ile ajali ya pikipiki.

Wiki ijayo nakwenda Madibira. Nimekodi kipande cha shamba la mpunga pamoja na Gideoni, jirani yetu. Nitakaa huko mpaka palizi iishe. Barua nitumie kwa Mama yako, ataniletea.

Hiyo ya unga imenishangaza. Lakini tuiache.

Mjomba wako,
Ezron


Bweni la Pili,
Shuleni, Iringa.
3 Machi 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru sana kwa barua yako. Sisi hatujambo. Mvua huku pia ni nyingi, na bwalo linavuja juu ya meza ya kidato cha kwanza, kwa hiyo wanakula wamesimama, wanasema wako kwenye harusi ya kisasa. Matilda nimemgawia maandazi. Amesema yanamtosha kwa amani ya wiki moja.

Mjomba, naomba usinielewe vibaya. Niliuliza kama mikao inasaidia, na wewe umenijibu kuhusu kisigino. Kisigino changu kiko chini. Nimemwomba Matilda akikague.

Labda sikuuliza vizuri. Sasa nitauliza kwa mfano.

Kuna msichana mmoja wa bweni letu, jina lake silitaji. Kuna mahali anapita kwa sababu ni lazima apite. Hapo kuna mtu mzima anayeheshimika, mwenye umri wa babu. Wewe unajua jinsi huku tunavyofundishwa kusalimia. Mkubwa akikuita unasimama. Unatua ulichobeba. Unapiga goti, unatoa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unashika kiwiko cha ule wa kulia ili kuonyesha heshima. Unaangalia chini. Mkubwa ndiye anayeachia kwanza.

Huyu mtu anaitikia marahaba vizuri kabisa, kisha hauachii mkono. Anaushika hapa juu ya kifundo, anauliza habari za masomo, na huku anaongea anavuta kidogo kidogo kuelekea ndani, mahali ambapo watu hawaoni. Ukimtazama mtu huyo kwa mbali utaona mzee anasalimiana na mjukuu wake.

Huyo msichana alijaribu kujivuta nyuma, akashindwa. Safari ile aliponyoka kwa bahati, kwa sababu kuna mtu alimwita yule mzee. Anajua mikao kadhaa, lakini siku hiyo hakukumbuka hata mmoja. Alikuwa amepiga goti, mikono yote miwili ikiwa kwenye salamu. Mkao gani unaanzia hapo?

Atapita tena mahali hapo tarehe 27 Aprili. Anaogopa kwamba safari hii hakutakuwa na wa kumwita yule mzee. Kusema anaona aibu. Tena watu watamwambia kwamba amekosa adabu kwa mzee, maana kilichoonekana ni salamu tu.

Nimeuliza kwa niaba yake. Msalimie Bibi na Mzungu.

Mpwa wako,
Sekela


Bweni la Pili,
Shuleni, Iringa.
31 Machi 2024, Pasaka

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Leo tumekula wali na nyama. Kwaya yetu iliimba vizuri isipokuwa sauti ya tatu. Mimi niko sauti ya tatu.

Sijapata jibu lako. Nimejiambia kwamba ni mvua, au barua imelala kwa Mama, au mpunga umekushika. Sitaki kufikiri kwamba umeniona mtoto mwenye maswali mengi.

Ratiba ya zamu za kusaga iliyobandikwa mlangoni pa bwalo haijabadilika. Kundi letu ni Jumamosi ya tarehe 27 Aprili. Nimejaribu kubadilishana na wenzangu lakini Mama Bertha hakubali mabadiliko bila sababu, na sababu sina ya kuandika.

Yule msichana bado anasubiri jibu.

Mpwa wako,
Sekela


Madibira, Mbarali.
10 Aprili 2024

Kwa mpwa wangu Sekela,

Marahaba, mwanangu. Huku tu wazima. Maji yamejaa majarubani, mbu ni wengi, na Gideoni anakoroma mpaka vyura wananyamaza. Bibi amepona kabisa. Mama yako alikuja juzi kuniletea mahindi ya kuchoma na barua yako ya Pasaka.

Ile ya Machi sikuletewa. Safari ilichelewa kwa sababu ya mvua, nikaipata Mbeya kabla sijaondoka. Nilikuwa na muda wa kujibu na kalamu nilikuwa nayo. Sikujibu. Nitakuambia sababu, nawe utaamua kama utanisamehe.

Sijawahi kupata ajali ya pikipiki.

Miaka mitano iliyopita, jioni moja karibu na soko la Mwanjelwa, vijana wawili walimnyang'anya mama mmoja mkoba mbele yangu. Nilikuwa natoka ukumbini, na jasho la mazoezi halijakauka. Nikawaambia waurudishe. Kisha nikasimama. Sekela, nilisimama vizuri sana. Zenkutsu ndefu, kisigino chini, mgongo wima, sawasawa na ile picha yangu ya ukutani. Nikawasubiri waje kwa mbele. Mmoja alikuja kwa mbele. Wa pili alipita ubavuni akanipiga teke la goti, la upande. Matilda wako alitumia kidole, yule alitumia buti.

Nilipoamka hospitalini Mama yako akauliza ni nini, nikasema pikipiki. Wanafunzi wangu waliuliza, nikasema pikipiki. Nikafunga ukumbi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja na ukaendelea kufanya mazoezi peke yako uani, na mimi nikakaa kwenye kigoda nikikusahihisha kisigino, kwa sababu kisigino hakiulizi maswali. Ulipoandika kwamba umeangushwa kwa kuguswa bega, niliona kalamu yangu inakimbilia kisigino tena.

Sasa nisikilize, maana huku shambani nimeelewa jambo.

Kwenye jaruba la mpunga, matope yanafika nusu ya ugoko. Siku ya kwanza nilisimama kupumzika. Nilipotaka kuondoka miguu yote miwili ilikuwa imezama na goti langu likapiga kelele. Gideoni alicheka mpaka akaangusha miche.

"Mwalimu," akasema, "hapa hatusimami, tunapita. Uzito upeleke kwenye mguu huu, ule mwingine utatoka wenyewe."

Nikajaribu. Nikashusha uzito wote mguu wa mbele, nikasukuma kwa wa nyuma, ukachomoka. Nikaangalia chini nikaona miguu yangu iko kwenye zenkutsu. Haikukaa hapo hata muda wa kupepesa jicho. Baadaye Gideoni akanirushia fungu la miche ya mpunga, zito, limejaa maji. Nililidaka, na ili nisianguke nikashuka chini, miguu imepanuka, kama mtu aliyepanda punda. Kiba, ule mkao ambao wewe ulikuwa unalalamika unaumiza mapaja. Sikuuchagua. Uzito ulikuja, mwili ukajibu.

Miaka yote ile nilikuwa nawafundisha watoto kusimama kwenye mkao. Ule mkao ni mahali pa kupitia. Una nguvu kwa kitu kimoja, upande mmoja, kwa muda mfupi, kisha unatakiwa uwe umeshaondoka. Kwa hiyo nakujibu sasa kama mwalimu: ndiyo, mikao inasaidia. Anayesimama ndani yake akisubiri ndiye anayevunjika goti.

Na swali la pili, la msichana wa bweni lenu. Mkao gani unaanzia kwenye salamu?

Mwambie hivi. Tayari amepiga goti, maana yake ameshashuka, na aliyeshuka ni mgumu kuvutwa. Kosa lake lilikuwa kujivuta nyuma. Mzee ana nguvu za mkono kuliko yeye, na akijivuta anamsaidia. Asiende nyuma. Mkono wa kushoto uko kwenye kiwiko tayari, basi uteremke ukamate ngumi yake mwenyewe ya kulia. Apanue miguu, akae chini kwenye kiba, na wakati huohuo apige hatua fupi kumsogelea, kiwiko chake kikipanda kuelekea kiwiko cha yule mtu. Ageuze kiuno chote, si mkono. Shiko la mtu lina mlango mmoja, upande wa dole gumba. Hapo ndipo mkono utatokea. Ukishatoka, zenkutsu ni hatua yake ya kwanza ya kuondoka. Asibaki kuona kama imekubali.

Na kabla ya hayo yote, afungue mdomo. Kwa sauti, kwa jina la yule mtu, na kwa heshima zake zote. Mtu wa namna hiyo anategemea kwamba binti mwenye adabu hapigi kelele.

Tena mwambie goti ni la heshima na alipige. Mkono si lazima autoe. Anaweza kupiga goti akiwa hatua tatu mbali, mikono yake kifuani. Hakuna mchungaji wala padri atakayeiita hiyo kukosa adabu, na akiiita, mlete kwangu.

Sasa nimebakiwa na swali langu. Wewe umebeba ndoo ya maji kichwani kutoka mto wa Isyesye tangu una miaka sita. Ulikuwa unapanda kile kilima unaimba, na Bibi alikuwa anakutuma na maziwa kwa sababu kwako hayamwagiki. Nimesoma barua zako zote tatu kwa mpangilio, na tarehe zake.

Sekela, unga ulimwagikaje?

Ningeweza kumpa Mama yako barua hii aje nayo siku ya wazazi, ikufikie mkononi. Nimeamua kuipeleka posta. Najua kwamba kabla yako itasomwa na mtu mwingine. Basi, Mama Bertha, shikamoo. Mimi ni Ezron, mjomba wake. Sikufahamu, ila mwanangu ananiambia unasoma kila barua. Naomba uisome hii mara mbili, kisha nawe umuulize kuhusu unga.

Mjomba wako,
Ezron


Bweni la Pili,
Shuleni, Iringa.
28 Aprili 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huku wote hatujambo. Mvua zimepungua, bwalo limezibwa, kidato cha kwanza wamerudi kukaa. Nimefurahi kwamba Bibi amepona. Gideoni mpe pole ya miche.

Barua yako ilifika Jumatatu, lakini mimi nilikabidhiwa Jumatano. Mama Bertha aliniita chumbani kwake. Bahasha ilikuwa mezani, imefunguliwa, na miwani yake imewekwa juu. Alinikaribisha kwenye kiti, na kwa kawaida tukiingia pale tunasimama.

"Mjomba wako anauliza swali," akasema.

Nikaitazama ile bahasha.

"Na mimi nauliza. Nilikupa panga ukafyeka siku tatu, sikukuuliza. Unga ulimwagikaje, Sekela?"

Mjomba, yule msichana ni mimi. Naona ulishajua. Mtu mwenyewe ni Mzee Liberatus, msimamizi wa mashine ya kusaga. Nilitua debe la unga ili nimsalimie, akanivuta mpaka mlangoni pa stoo. Mkanda wa mashine ulipokatika watu wakamwita, akaniachia, nami nikakimbia nikalipiga debe teke bila kuliona. Nikarudi na debe nusu nikasema nimejikwaa.

Nilipomaliza kusimulia Mama Bertha aliikunja barua yako vizuri. Kisha akasema, "Miaka tisa nasoma barua za wasichana natafuta majina ya wavulana." Akavaa miwani akaivua tena. "Ya Machi niliisoma kwa macho yangu haya. Nikasahihisha mkato."

Nilidhani ataniondoa kwenye zamu. Aliniuliza kama nataka kuondolewa. Nikafikiri kwamba nikiondolewa mimi, atakwenda mwingine atakayepiga goti na kutoa mkono. Nikasema nataka kwenda. Akasema, "Basi tutakwenda wote, na Jumatatu mwalimu mkuu atasikia kutoka kwangu."

Siku mbili nilifanya mazoezi na Matilda nyuma ya bweni, kama ulivyoandika. Yeye alikuwa Mzee Liberatus. Alifurahia sana kazi hiyo, akajitengenezea na kitambi kwa kanga. "Marahaba mjukuu wangu, njoo nikuonyeshe panya," alikuwa anasema, na mimi nacheka nashindwa kushuka. Mara ya kumi na tano sikucheka. Mkono ulitoka. Tukatazamana, akasema, "Rudia. Hiyo haikuwa ya Kinyakyusa."

Jana tulikwenda wasichana wanne. Mama Bertha alitangulia, akajifunika kanga akaketi kwenye foleni pamoja na akina mama wa kijiji, na gunia lake dogo la mahindi. Hakuna aliyemtambua.

Tulipomaliza kusaga Mzee Liberatus alitoka nje akijipangusa unga. "Wajukuu zangu," akasema, "mbona mnaondoka bila kumsalimia mzee?"

Nilikuwa na debe kichwani, sikulitua. Nikasimama hatua tatu mbali, nikapiga goti, mkono mmoja umeshika debe na mwingine uko kifuani. Nikasema kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene, babu. Shikamoo." Matilda naye akafanya hivyohivyo, na wale wengine wawili. Mkono wake alikuwa ameshaunyoosha. Ukabaki hewani, na hakuna aliyeupokea.

"Shule inawafundisha kiburi siku hizi?" akauliza, huku anacheka ili akina mama wacheke naye. Wawili walicheka.

Akasogea. Nilijua atanijia mimi, kwa sababu nilikuwa nyuma ya wengine. Alinishika palepale pa siku ile, juu ya kifundo. Debe likayumba, Matilda akalidaka. Mjomba, sikukumbuka mkao wowote, hata safari hii. Lakini mwili ulishuka wenyewe. Nilikaa chini, nikakamata ngumi yangu, nikamsogelea badala ya kurudi. Nilimsogelea mpaka nikasikia harufu ya ugoro. Nikageuka. Mkono ukatokea upande wa dole gumba, na nilipoutazama ulikuwa wangu.

Na mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Nilisema, "Mzee Liberatus, shikamoo! Salamu imekwisha, naomba usinishike!"

Mashine ilikuwa imezimwa ili wabadilishe chekeche. Kila mtu alisikia. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili kuondoka, na sikubaki kuangalia kama imekubali. Nyuma yangu nikasikia mama mmoja wa kwenye foleni anasema polepole, "Hata wa kwangu aligoma kuja kusaga, nikamchapa." Kisha mwingine akasema, "Na wa kwangu." Hakuna aliyecheka tena.

Ndipo Mama Bertha akasimama na kufunua kanga. Hakupaza sauti. Alimwamkia Mzee Liberatus kwa jina lake kamili, akamwambia kwamba yeye ni nani na kwamba anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji sasa hivi. Akina mama saba wakaacha mahindi yao kwenye foleni wakamfuata. Mzee Liberatus akabaki anapangusa mikono iliyokwisha kuwa safi.

Sijui kitakachofuata. Mama Bertha amesema si kazi yangu kujua kila kitu, kazi yangu ni kidato cha tatu. Lakini nasikia leo mtu mwingine ndiye aliyekuwa anasaga, na mlango wa stoo umeng'olewa bawaba.

Unga ulifika wote. Mama Bertha alifunua debe mbele ya mpishi, akalisawazisha juu kwa kiganja, akaniambia niende nikaoge.

Kuhusu pikipiki, nilikuwa na miaka kumi na mmoja lakini nilikuwa nafua nguo zako. Suruali ya siku ile haikuwa na mchubuko wa barabara. Ilikuwa na alama ya buti. Sikuuliza kwa sababu nilidhani ukitaka utasema. Umesema. Nakushukuru.

Mpwa wako,
Sekela


Isyesye, Mbeya.
12 Mei 2024

Kwa mpwa wangu Sekela,

Marahaba. Nimerudi nyumbani. Mpunga umeshika, tumemwachia Gideoni kazi ya kufukuza ndege, kazi inayofaa sauti yake. Bibi anafuma sweta nyingine, ya rangi ya machungwa, kwa hiyo jiandae kwa jina jipya. Mama yako nimemweleza yote, ya kwako na ya kwangu. Kwa ya kwako alilia. Kwa ya kwangu alinichapa na mwiko.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele ya watu. Sina cha kusahihisha. Naona hata kisigino sikukiuliza.

Jana Jumamosi nilichukua ule ufunguo. Tulitoa viti vya harusi mia moja na ishirini, na buibui wasio na idadi. Watoto kumi na mmoja walikuja, wavulana kwa wasichana. Wakajipanga mistari wakadhani wataanza na ngumi. Nikawaambia tutaanza na kusalimia wakubwa. Walinuna. Nikawaonyesha hatua tatu, goti, mikono kifuani. Kisha nikawashika mikono mmoja mmoja nikawaambia watoke. Tulifanya hilo saa nzima.

Mwishoni binti mmoja mdogo anayeitwa Blessing akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona unachechemea?"

Wazazi wawili walikuwa mlangoni. Niliona neno pikipiki linakuja lenyewe, limezoea njia. Nikakaa kwenye kigoda, nikawasimulia watoto habari za Mwanjelwa, na buti, na jinsi nilivyosimama kama picha. Blessing akafikiri, akasema, "Sasa upande huo nani anakulinda?"

Nikalisugua goti la kushoto.

Likizo inaanza tarehe thelathini na moja. Ukumbi ni kila Jumamosi saa nne. Nimekuwekea nafasi mbele, karibu nami, mkono wa kushoto.

Mjomba wako,
Ezron